Ukianza kulihoji dhehebu lililokulea: mwongozo kwa vijana wa Nyanda za Juu Kusini

Mwongozo huu ni wa mtu aliyezaliwa na kulelewa ndani ya dhehebu dogo la Kikristo linalojitenga, lile linalofundisha kwamba wokovu umo humo peke yake, kwamba makanisa mengine yote ni Babeli, na kwamba anayetoka hastahili kukaribishwa wala kusalimiwa. Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania makundi ya namna hiyo si machache. Mengine yalivuka mpaka tangu enzi za Nyasaland (leo Malawi) na Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia), mengine yalimeguka kutoka makanisa ya Kipentekoste mjini Mbeya, na mengine hukusanyika kusikiliza mahubiri yaliyorekodiwa ya mhubiri wa Kimarekani aliyekwisha kufa zamani. La kwetu silitaji, kwa sababu mama yangu bado yumo, na pia kwa sababu mambo nitakayoyaeleza yanafanana kiasi kwamba msomaji wa Tukuyu na msomaji wa Mafinga watadhani nimewaandikia wao.

Siandiki ili kumtoa mtu. Wapo waliohoji wakabaki, wakawa waumini wenye amani zaidi kuliko walivyokuwa, na sina ugomvi nao. Ninachotaka kukieleza ni utaratibu, kwa kuwa kinachomfunga mtu katika makundi haya mara nyingi si fundisho lenyewe, bali ni hofu ya kupoteza watu na riziki kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo anayehoji anapaswa kwanza kujua hasa anahoji nini, kisha aweke maisha yake sawa, na baada ya hapo ndipo afungue kinywa, tena mbele ya mtu anayefaa. Wengi hufanya kinyume chake: husimama ibadani Jumapili wakiwa na hasira, na kufikia jioni hawana pa kulala wala mtu wa kumpigia simu.

Jua hasa unahoji nini

Nunua daftari la kawaida na uandike kila swali linalokusumbua. Usiandike kwenye simu ikiwa wadogo zako wanaichezea au baba ana desturi ya kuikagua. Baada ya wiki kadhaa utagundua kwamba maswali yako ni ya aina tatu zilizochanganyika: yapo yanayohusu mafundisho, kama vile iwapo kweli Mungu amewakataa Wamoravian wote wa Rungwe, yapo yanayohusu mwenendo wa viongozi, kama vile mahali zinapokwenda fedha za zaka, na yapo yanayohusu kanuni za maisha, kama vile kwa nini binti asiendelee na kidato cha tano. Yatenganishe. Kiongozi mwizi hathibitishi kwamba fundisho ni la uongo, na fundisho zuri halimsafishi mwizi. Mtu asiyetenganisha mambo haya hushindwa kirahisi kwenye mabishano, kwa sababu akiuliza kuhusu fedha atajibiwa kwa unabii, na akiuliza kuhusu unabii ataambiwa ana uchungu wa fedha.

Kisha chukua kila kanuni na utafute ilianza lini. Jambo hili lina nguvu kuliko linavyoonekana, maana ndani ya kundi tunalelewa tukiamini kwamba kila kanuni imekuwapo tangu mitume. Mfano ulio wazi zaidi ninaoufahamu ni wa mbali. Kundi la Ndugu, lililoanza Dublin miaka ya 1820, liligawanyika mwaka 1848 kwa ubishi juu ya nani anaweza kupokelewa kwenye meza ya Bwana, ubishi uliolihusu kusanyiko la Bethesda mjini Bristol, Uingereza. Upande uliomfuata John Nelson Darby, mtu aliyezaliwa mwaka 1800 na kufariki mwaka 1882, ndio ulioitwa Exclusive Brethren, yaani Ndugu wanaojitenga. Hata hivyo, kanuni kali ya kutokula chakula na mtu yeyote asiye mshirika, hata awe mke au mzazi anayeishi nyumba hiyo hiyo, ilikuja kusisitizwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya uongozi wa James Taylor Mdogo wa New York, yaani zaidi ya karne moja baada ya mgawanyiko. Waliozaliwa baadaye walilelewa wakidhani ndivyo ilivyokuwa siku zote. Na kwenu iko kanuni ya namna hiyo. Muulize bibi, kwa upole na bila kumtega, kama walipokuwa vijana ilikuwapo.

Bibi huyo huyo atakusaidia katika jambo jingine. Wamishonari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, Walutheri wa Misheni ya Berlin wakaingia upande huo huo wa Ziwa Nyasa mwaka huo huo, na kabla ya karne ile kwisha Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walikwisha kuanza kazi Tosamaganga, karibu na Iringa. Maana yake ni kwamba katika familia nyingi za kwetu babu au babu mzaa babu alibatizwa katika kanisa ambalo leo unaambiwa ni la waliopotea. Uliza alibatizwa wapi, na nani alimzika, na kwa maombi gani. Huhitaji kubishana na yeyote kuhusu majibu utakayoyapata.

Kuhusu tarehe za mwisho wa dunia sitasema mengi. Wafuasi wa William Miller nchini Marekani walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, wafuasi wa Mnara wa Mlinzi, yaani Mashahidi wa Yehova, waliitazamia miaka ya 1914, 1925 na 1975, na Harold Camping aliitangaza tarehe 21 Mei 2011. Kila mara maelezo yaliyofuata yalikuwa yale yale: jambo limetimia mahali pasipoonekana, au hesabu ilikosewa kidogo, au waumini walielewa vibaya. Kama kundi lako liliwahi kutaja tarehe, soma Kumbukumbu la Torati 18:22, kisha chunguza maelezo waliyotoa wazee baada ya tarehe hiyo kupita.

Soma mstari pamoja na jirani zake

Katika Biblia ya baba yangu, toleo la Union, mstari wa 11 wa 1 Wakorintho sura ya 5 umepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu mara mbili, kiasi kwamba wino umetokeza upande wa pili wa karatasi. Ni pale Paulo anaposema kwamba mtu wa namna fulani msikubali hata kula naye. Mstari wa 10 na wa 12 haukuguswa. Ukisoma kuanzia mstari wa 9 utakuta Paulo akieleza kwamba hakuwa na maana ya watu wa dunia hii, maana hapo ingewalazimu waumini kutoka katika dunia, na katika mstari wa 12 anauliza yamhusu nini kuwahukumu wale walio nje. Basi andiko lililotumika kutuzuia kula ubwabwa wa harusi kwa jirani Mlutheri linasema waziwazi kwamba halimhusu mtu wa nje. Unaweza bado kubishana kuhusu namna ya kumtendea ndugu aliyeanguka, na huo ni ubishi halali, lakini jirani hayumo.

Fanya kazi hiyo hiyo kwa kila andiko la kutengana. Soma 2 Wakorintho 6:17 pamoja na sura nzima. Soma 2 Yohana 10, inayosema msimkaribishe nyumbani mwenu wala msimpe salamu, kisha uangalie mstari wa 7 unaoeleza ni watu gani wanaozungumziwa, yaani wale wasiokiri kwamba Yesu Kristo alikuja katika mwili, na ujiulize kama shangazi yako aliyehamia Anglikana analikana jambo hilo. Soma Marko 9:38 hadi 40, pale Yohana anapotaka kumzuia mtu kwa sababu hafuatani nao. Ukiambiwa kwamba kuchunguza ni uasi, Matendo 17:11 inawasifu watu wa Beroya kwa sababu waliyachunguza maandiko kila siku ili waone kama mambo waliyohubiriwa ndivyo yalivyo, na mhubiri aliyekuwa akichunguzwa alikuwa Paulo mwenyewe.

Soma katika toleo ambalo wazee wenyewe wanalitumia. Biblia Habari Njema ni nyepesi na itakusaidia kuelewa, lakini ukiitaja mbele yao mazungumzo yatageuka kuwa ya toleo, na hutarudi tena kwenye hoja yako.

Weka maisha yako sawa kabla ya kusema

Sehemu hii haina utukufu wowote, na ndiyo inayopuuzwa. Vijana wengi wa makundi haya hufanya kazi kwa washirika wenzao: dukani kwa mzee wa kanisa pale Mwanjelwa, kwenye mashine ya kuchana mbao Mafinga, katika lori la viazi linalotoka Uporoto. Hukaa katika chumba cha mshirika, huweka akiba katika kikoba cha washirika, na simu wanayoitumia ina laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha baba. Siku utakapotengwa vyote hivyo vinaweza kukatika wiki moja, wala hakuna atakayeona kwamba amekudhulumu, kwa kuwa kila mmoja anatii tu.

Kwa hiyo hakikisha una kitambulisho chako cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na vyeti vyako vya shule, na uviweke mahali unapoweza kuvichukua bila kuomba ruhusa. Sajili laini kwa jina lako mwenyewe, maana fedha zilizo katika laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine ni vigumu kuzidai. Kama una hisa katika kikoba, ngoja mgao wa mwisho wa mzunguko, chukua chako mbele ya mashahidi na usiingie mzunguko mpya. Tafuta kibarua kwa mtu asiye mshirika, hata cha siku mbili kwa wiki, ili uwe na mtu mmoja mjini anayekufahamu kwa kazi yako. Wala usichukue hata senti isiyo yako, kwa sababu tuhuma ya wizi ndiyo itakayosimuliwa miaka yote badala ya swali ulilouliza.

Inafaa pia ujue sheria inasemaje, ingawa sikushauri kuitamka nyumbani. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani, ukiwamo uhuru wa kubadilisha dini au imani yake, na ibara ya 20 inakataza mtu kulazimishwa kujiunga na chama au shirika lolote. Makanisa husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani, na ili kusajiliwa huwa na katiba iliyoandikwa. Iombe katiba ya kanisa lako kama mshirika wa kawaida anayetaka kujifunza. Nimeona wazee wasioijua katiba yao wenyewe, ambayo ilikuwa na utaratibu wa rufaa ambao hawakuwahi kuutumia.

Nani aambiwe kwanza

Asianze baba, na asianze mchungaji. Kwa desturi zetu jambo zito hupitia kwa mtu wa kati, na hapa desturi ni hekima tupu. Mtafute mjomba au shangazi ambaye wazazi wako humsikiliza, awe ndani ya kundi au nje yake, na umweleze jambo moja tu, si orodha nzima. Maneno yanaweza kuwa mepesi: "Shikamoo mjomba. Kuna jambo katika maandiko limenishinda, na sitaki kumvunjia baba heshima kwa kulisema vibaya. Naomba unisikilize kwanza." Mjomba anaweza kukasirika, lakini hataweza kusema kwamba hukumheshimu.

Wakati wa kuzungumza na wazazi ukifika, uliza badala ya kutangaza. "Baba, naomba unisaidie kuuelewa mstari huu" ni sentensi anayoweza kuipokea mzazi yeyote, na mara nyingine utashangaa kukuta kwamba naye swali hilo amelibeba miaka mingi bila mtu wa kumwambia. Usiwatajie Shakahola. Mambo yaliyofichuka katika msitu ule wa kaunti ya Kilifi nchini Kenya mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ni ya kutisha, na kila kijana anayehoji hutamani kuyatumia kama rungu. Lakini mzazi wako hakumnyima mtu chakula hadi afe. Alikulea, akakusomesha kwa kadiri alivyoruhusiwa, akakuombea usiku. Ukimlinganisha na wale, mlango umefungwa, na utakuwa umeufunga wewe.

Ukiitwa katika kikao cha wazee

Habari itavuja, kwa kuwa huvuja daima. Ukiitwa, nenda, na uende umekula, maana vikao hivyo huanza saa kumi na kumalizika usiku. Salimia wote kwa kufuata umri. Omba uelezwe unatuhumiwa nini kabla ya kujibu lolote. Yale usiyo tayari kuyajibu, sema, "Wazee wangu, naomba muda wa kulitafakari," na urudie maneno hayo hayo kila unapoulizwa tena. Usiseme uongo hata kidogo, lakini pia hulazimiki kuungama mawazo yako yote. Usitaje rafiki aliyewahi kukuambia naye ana maswali. Wataulizia jina hilo kwa njia nyingi, nyingine za upole sana. Usitie sahihi karatasi yoyote siku hiyo. Ukipewa adhabu ya kusimamishwa ushirika, uliza ni ya muda gani na nani mwenye mamlaka ya kuiondoa, kisha uandike majibu ndani ya daftari lako mara ufikapo nyumbani.

Ikiwa umeoa au umeolewa ndani ya kundi, wazee wanaweza kudai kwamba ndoa imevunjika kwa sababu umeasi. Hawana uwezo huo. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 anayevunja ndoa ni mahakama, na kwa kawaida shauri hupitia kwanza katika baraza la usuluhishi wa ndoa. Mwambie mwenzi wako hivyo mapema, kabla hajaambiwa vinginevyo.

Ukiwa umetengwa

Hapa ndipo penye kazi ndefu. Miezi ya kwanza utapita Kabwe mjini Mbeya utaona mtu mliyeimba naye kwaya miaka kumi akivuka barabara ili asikutane nawe. Usimfuate, usimsemeshe kwa nguvu, mpungie mkono na uendelee na safari yako.

Kwa wazazi fanya tofauti. Salamu ya kanisani, ile ya "Bwana Yesu asifiwe", iache, kwa sababu kukuitikia ni kukubali kwamba u ndugu katika imani, na hilo wamekatazwa. Tumia salamu ya nyumbani. Shikamoo ni adabu ya mtoto kwa mzazi na haina uhusiano na meza ya Bwana, na ni wazazi wachache wanaoweza kuisikia wakajizuia kusema marahaba. Kule Rungwe mama asiyeweza kukuitikia kwa salamu ya ibada ataitikia ukimwamkia kwa Kinyakyusa, na kwa Wahehe na Wabena "kamwene" hufanya kazi hiyo hiyo. Ukifika nyumbani na sukari au mafuta ya kupikia, usingoje kukaribishwa mezani. Mkabidhi mdogo wako jikoni, keti nje kwenye kigoda dakika chache, aga, ondoka. Rudi mwezi unaofuata ufanye vivyo hivyo. Mama yangu alianza kwa kunitumia kikombe cha chai nje kwa mkono wa mtoto, na hakuna mzee aliyepata la kusema, kwa kuwa hakula nami.

Msiba ndio mtihani mkubwa kuliko yote. Huku kwetu mtu hupimwa kwa misiba, na makundi mengi huwakataza watu wao kukaa matanga ya watu wa nje, nao waliotengwa hukatazwa kusogea kwenye yale ya kundi. Akifa mshirika, hata aliyekuwa mkali kwako, wahi mapema asubuhi na sepetu yako na ujiunge na vijana wa mtaa wanaochimba kaburi. Kuchimba kaburi ni shughuli ya mtaa, na mzee wa kanisa hana orodha yake. Rambirambi yako mpe karani wa mtaa aiandike katika daftari pamoja na za majirani. Ibada ikianza, kaa nyuma pamoja na wasio washirika, na kama yatasemwa maneno dhidi ya walioasi, yasikilize kimya hadi mwisho. Baada ya maziko, kunja turubai, rudisha masufuria ya kuazima, beba maji. Watu wanaokuona ukifanya hivyo mara kwa mara watachoka kukuogopa kabla wewe hujachoka kufanya, na wa kwanza kuchoka, kwa niliyoyaona, huwa ni akina mama.

Usikimbilie kanisa jingine. Watu hutania kwamba Mbeya ina makanisa kuliko maduka, na kila moja litafurahi kukupa kipaza sauti utoe ushuhuda wa jinsi ulivyokombolewa gizani. Kikatae. Ushuhuda huo utarekodiwa, utasambazwa katika makundi ya WhatsApp, na kabla ya usiku utakuwa umemfikia baba yako. Keti benchi la nyuma kwa muda wowote unaouhitaji, mahali ambapo hakuna anayekuuliza umetoka wapi, au pumzika bila kwenda popote.

Aliye chini ya miaka 18

Kama hujatimiza miaka 18, sehemu kubwa ya niliyoandika ingoje. Hoji kwa kusoma, andika daftari lako, maliza shule. Lakini yapo mambo yasiyongoja: kunyimwa matibabu au chanjo kwa sababu za imani, kuachishwa shule, kupigwa, kuozeshwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi ampe mtoto matibabu na elimu, wala imani yake haimwondolei wajibu huo. Mwambie mwalimu unayemwamini, au ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au nenda katika Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au piga simu namba 116, ambayo ni ya kuwasaidia watoto.

Mdogo wako akikupigia kwa siri

Itatokea, pengine baada ya mwaka, simu ikaita usiku na mdogo wako akanong'ona kwamba naye ana maswali. Usimwambie atoke, na usimwambie abaki. Muulize anasoma mstari gani, umsomee ulio juu yake na ulio chini yake, kisha umuulize kama cheti chake cha kuzaliwa anajua kiko wapi. Mwambie afute namba yako katika orodha ya simu zilizopigwa, na kwamba akihitaji nauli ya kutoka Makambako hadi kwako, saa yoyote, ataipata bila kuulizwa amefikia uamuzi gani.